Bega Nililomnyima Mzee wa Tipoyi

Habari ilinikuta mlangoni pangu hapa Kasongo, kikombe cha chai mkononi, na aliyeileta alikuwa motari mmoja aliyetoka upande wa Kabambare na magunia mawili ya mchele nyuma ya pikipiki yake. Hakushuka. Alizima injini, akavua kofia, akasema, “Mwalimu, mzee wa tipoyi amekufa jana. Alitoka shambani, akaikala chini, akaomba maji. Maji ilifika, yeye hayuko tena.” Kisha akawasha pikipiki akaenda zake sokoni, kwa kuwa mchele wa watu haungoji. Chai ilipoa nikiwa nimeishika. Na niseme kweli, maana katika safu hii tumezoeana kuambiana kweli: kilichonipata kwanza hakikuwa huzuni, kilikuwa aibu. Yule mzee nilimwahidi bega langu, akalingoja miaka minne, nikamnyima mpaka amekufa.

Kwa msomaji wa mbali asiyeijua, tipoyi ni kitanda cha kamba kilichofungwa katikati ya miti miwili mirefu. Watu wanne huweka ncha za miti mabegani, mgonjwa hulala katikati, na safari inaanza. Kijiji cha mzee kiko ndani, mbali na barabara yetu ya Kabambare, na kituo cha afya kilicho karibu ni mwendo wa saa tatu nzima kwa miguu, kupanda na kushuka, na mito miwili katikati. Pikipiki hufika huko wakati wa kiangazi. Lakini mwenye mguu uliovunjika, au mama ambaye mtoto amemkalia vibaya tumboni, utampandishaje pikipiki katika njia ile? Atakufa kabla hujaingiza gia ya pili. Mzee alikuwa shemasi wa kanisa dogo la matofali mabichi, na kazi yake ya ushemasi, kama alivyoielewa yeye, ilikuwa kuitunza tipoyi iliyotundikwa ndani ya kanisa hilo, ukutani kando ya mlango, na kuwapanga watu wa kuibeba. Mkristo, Mwislamu, mganga, mlevi, mtu yeyote mwenye kuugua na kushindwa kutembea, ilimchukua.

Jina lake silitaji, na hilo ni agizo lake. Niliwahi kumwomba nimwandike hapa kwa jina kamili, nikidhani namheshimu, akacheka mpaka akakohoa. “Mwalimu,” akasema, “wale watu wane waliobeba mutu mwenye kupooza, wakatoboa nyumba ya wenyewe, wakamushusha mbele ya Yesu, majina yao unayajua?” Nikamjibu kwamba mimi ni Mwislamu, asinitahini katika mambo ya kanisani. “Hata sisi wakristo hatuyajui,” akasema. “Hakuna mwenye kuyajua. Lakini mutu ule alitembea.”

Sasa niwaeleze tulivyojuana, ingawa hadithi yenyewe hainipambi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikirudi kutoka Kabambare, nikaipita tipoyi njiani, vijana wanne chini yake wakitokwa jasho, na juu yake amelala mwanamume mnene kidogo aliyejifunika shuka. Damu ilinichemka. Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba babu yangu, mtu wa familia ya kiungwana ya mji huu, alikamatwa zamani za Wabelgiji akabebeshwa muzungu kwa tipoyi, kutoka Kasongo mpaka Kabambare, na kiboko nyuma yake. Begani alikuwa na nundu ngumu, kubwa kama ngumi ya mtoto. Sisi wajukuu tulikuwa tukiigusa, naye akitufukuza, na hakupata kutueleza kwa kinywa chake imetoka wapi. Tuliambiwa na bibi. Basi nikarudi nyumbani nikaandika. Jamani, niliandika! Nikauliza kama uhuru wetu ulikuwa wa kubadilisha tu anayelala juu. Nikasema tipoyi zote zikusanywe uwanjani zichomwe moto, na anayekubali kubebwa na binadamu mwenziwe aone haya. Mji mzima ulinipongeza, nikatembea wiki nzima kifua mbele. Ulimi hauna mfupa, na kalamu nayo ni hivyo hivyo.

Gazeti letu hili hupita mkono kwa mkono, likafika mpaka kwenye lile kanisa. Mjukuu wa kike wa yule mzee alimsomea. Nilikuja kuambiwa kwamba waumini walikasirika, wengine wakataka waniandikie barua ya matusi ya kiheshima, yale ambayo watu wa dini wanayajua sana. Mzee akawazuia. Akasema, “Mwachieni. Siku moja atapita huku.”

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Hazikupita mvua mbili. Nilikuwa nimekwenda kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu upande ule, na wakati wa kurudi pikipiki iliyonipakia iliteleza kwenye tope, ikaniangukia, na mguu wangu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Mfupa niliuona kwa macho yangu, nikapiga makelele ambayo siyasimulii. Motari akakimbia kutafuta watu. Nikalala pembeni mwa njia, mvua inanipiga, naomba dua zote nilizofundishwa na nyingine nazitunga papo hapo. Baada ya muda nikasikia watu wanakuja wakizungumza juu ya sombe, kisamvu chetu, na samaki. Nikageuza kichwa. Lo! Tipoyi.

Mbele yao alitangulia mzee mmoja mwembamba, mrefu, suruali imekunjwa magotini. Akanitazama usoni, akanitambua, kwa maana mimi ndevu zangu zinajulikana. “Yambo, mwalimu,” akasema. Basi. Hakusema ‘si wewe ndiye uliyeandika?’ Akanifunga mguu kwa fito na kitambaa, mikono yake haina haraka, wakanilaza, akanifunika turubai, au bashi kama tunavyoita, kisha akachukua ncha ya mbele yeye mwenyewe, mtu ambaye wakati ule alikwisha kuwa na wajukuu wakubwa. Njia nzima nililia kwa maumivu, lakini nisiwafiche, nililia pia kwa haya. Ilipofika mahali pa kupanda, nikasikia pumzi zao zimebadilika. Nikauliza, “Mzee, mimi ni mzito?” Akanijibu bila kugeuka, “Hapana, mwalimu. Uko mwepesi kama mukeka.” Wakati ule nilikuwa mwembamba kuliko sasa, kwa hiyo nikaamini. Hata nyumbani nilikuja kumwambia mke wangu: angalau sikuwachosha, mzee mwenyewe alisema mimi ni mwepesi.

Walipokuwa wanapumzika mtoni, nikajikaza nikamwomba radhi kwa yale niliyoandika, nikamweleza habari za babu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafungua shati, akanionyesha bega lake la kuume. Nundu ilikuwepo, mahali pale pale, kubwa kuliko ya babu. “Uliandika mambo ya kweli,” akasema. “Babu yako walimubebesha kwa fimbo. Mimi, hii niliitafuta mwenyewe. Muti njo ule ule, mwalimu. Mwenye kuikala juu njo alibadilika.” Kisha akanieleza desturi yao: aliyebebwa atabeba. Hakuna anayelipa kitu. Ukipona, unarudi siku moja, unaweka bega lako chini ya mgonjwa mwingine. Mwanamke au mzee asiyeweza hutuma mtu wa nyumba yake, na asiye na mtu hushona ngata za kuwekea mti begani. Nikamwambia, “Mzee, nikipona nitarudi nibebe. Wallahi.” Nimeapa, wasomaji, tena kwa jina ambalo haliapiwi ovyo.

Nikapona, na mguu ulibaki na kasoro ndogo tu. Mwaka wa kwanza nikasema mguu haujakaza. Mwaka wa pili mitihani ya wanafunzi. Mwaka wa tatu nikanunua bashi jipya la kijani, zuri, nikamtumia kwa motari pamoja na barua ndefu yenye methali mbili. Jibu lilirudi kwa mdomo wa motari yule yule: “Mzee anasema aksanti sana. Anasema bashi ni ya muzuri. Lakini anasema, bashi haina bega.” Nilinuna siku mbili. Mwaka wa nne sikutafuta hata kisingizio. Nilikwenda kumtembelea mara mbili, nikala ugali wake, nikazungumza naye mpaka jua likapinda, na kila mara ilipotokea safari ya mgonjwa nilikuwa nimekwisha kuaga.

Katika mojawapo ya ziara hizo ilikuwa Jumamosi, nikamkuta kazini. Kila Jumamosi alikuwa akiishusha tipoyi ukutani, ameitumia wiki ile au hakuitumia. Anavuta kila kamba kwa uzito wa mwili wake wote. Anapitisha kiganja kwenye miti kutafuta ufa. Iliyolegea anaifunga upya, iliyochoka anaitupa, kisha anapaka miti mafuta ya mawese mpaka inang’aa. Nikamuuliza kama kwa mwezi ule kulikuwa na mgonjwa. Akasema hapana, Mungu amewahurumia. “Sasa mbona unajitesa na tipoyi yako?” Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyekosa jambo jepesi. “Haiko yangu,” akasema. “Iko ya mutu mwenye atagonjwa kesho. Mimi naichunga tu. Akija kuichukua, akute kamba imeoza, nitamwambia nini? Na mwenye kunipa kazi nitamwambia nini?”

Nimeyafikiria sana maneno hayo, kwa sababu sisi watu wa Maniema ya kusini tunajua kupokea, wallahi tunajua, lakini kuchunga ni habari nyingine. Kwenye kituo kile cha afya kuna pikipiki ya magurudumu matatu, ya kubebea wagonjwa, ambayo wafadhili waliileta kwa hotuba na ngoma. Nilikuwepo, nilikula nyama. Ikafanya kazi mpaka ilipohitaji tairi, na hakuna aliyeona kuwa tairi ni lake. Leo kuku wanatagia humo. Kule Salamabila dhahabu inatoka ardhini kila siku, vijana wetu wanaichimba kwa jasho na hatari, na wanaporudi likizo na redio mpya na viatu vyeupe, mzee alikuwa anawapokea kwa furaha, anasifu viatu, kisha anawaambia ni zamu yao siku gani. Nao wanavua viatu, wanabeba. Sijui alikuwa na nini yule mtu. Mimi ningewahutubia saa nzima na wasingebeba hata kuku. Imani ya wengi wetu, na nasema ya msikitini kwangu pia, inaishi kinywani, na tunaipeleka matembezi siku ya ibada. Ya kwake ilikuwa imehamia begani ikafanya nundu. Mimi Mwislamu niliitazama nundu ile nikaogopa, kama mtu anavyoogopa akiwa amesimama mahali patakatifu na hakuvua viatu.

Basi siku ile nikaacha chai, nikaketi kuandika hotuba ya mazishi, kwa kuwa wazee wa kanisa walinitumia neno kwamba nitapewa nafasi ya kusema. Kurasa tatu! Ndani yake niliiweka habari ya nundu mbili, ya babu na ya mzee, na mwisho mzuri wa kuwaliza watu. Kesho yake alfajiri nikapanda pikipiki, nikafika kabla ya jua kuwa kali. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Sanduku la mbao lilikuwa kwenye mikeka, na ndani, kupitia mlango uliofunguliwa, tipoyi inaonekana ukutani, inang’aa mafuta. Nikapata wazo lililonipendeza sana. Nikamwendea mjane, nikampa pole, nikasema, “Mama, mzee hakuwahi kubebwa maisha yake yote. Leo tumbebe kwa tipoyi yake mpaka kaburini. Ni heshima yake.” Watu waliokuwa karibu wakaguna kwa kukubali. Mjane akatikisa kichwa. “Hapana, mwalimu. Tipoyi haibebe maiti. Yeye mwenyewe alikataza. Tukiilalisha maiti leo, nani atakubali kulala mule kesho?” Nikarudi mahali pangu, nikajifanya napanga karatasi.

Mchungaji alikuwa ameanza sala tuliposikia mtu anakuja mbio. Alikuwa mwanamume wa mashamba ya ng’ambo ya mto, Mwislamu mwenzangu, kofia mkononi, pumzi zimemwishia. Mke wake alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto hatoki, mama mzalishaji ameshindwa, anasema apelekwe haraka la sivyo watakufa wote wawili. Alipoliona sanduku akasimama. Akaanza kurudi nyuma polepole, anaomba samahani. Hakuna aliyesogea uwanjani, kwa sababu kwetu kuondoka matangani maiti ikiwa bado juu ya ardhi ni jambo ambalo watu watakukumbusha mpaka uzee wako, na maiti yenyewe ilikuwa hiyo. Watu wakatazama chini. Nami nikatazama chini.

Mjane ndiye aliyesimama. “Munangojea nini?” akasema. “Huyu haendi tena fasi yoyote. Mama yule njo anaenda. Shusheni tipoyi!”

Hapo watu wakaamka. Safari kama ile inataka watu wanane, wanne wabebe na wanne wapumzike. Wakasimama saba. Vijana wengine walikuwa wameshika majembe kaburini, na waliobaki uwanjani ni wazee na wanawake. Mjane akageuka, akanitazama. Nikaingiza hotuba mfukoni mwa shati, nikavua viatu vyangu vya mjini, nikachukua ngata kwenye msumari uliokuwa chini ya tipoyi, nikasimama wa nane. Kuna aliyesema, “Mwalimu, mguu wako?” Nikamwambia mguu wangu ni mimi ninayeujua, twende.

Tulimkuta mama amelala mkekani, macho yamemzama. Tukamlaza, tukamfunika lile bashi la kijani. Kwa nusu ya kwanza nilikuwa katika kundi la kupumzika, nikatembea kando, nikajiona naweza. Kwenye mto wa pili zamu yangu ikafika. Nikaweka ngata, nikaweka bega, tukanyanyua. Ewe msomaji! Sijui niseme nini. Ule mti haukai begani, unaingia. Hatua ya kumi shingo inawaka, hatua ya hamsini huoni tena njia, unaona visigino vya aliye mbele yako tu. Na mama yule alikuwa mtu mdogo, mwembamba, na mtoto wake tumboni. Tukaanza kupanda mlima, ule ule niliopandishwa mimi miaka minne nyuma, na mguu wangu wa kushoto ukaanza kutetemeka. Wenzangu wakazungumza habari za mchele na mawese watakaokula tukifika. Nikashangaa watu hawa wanapata wapi pumzi ya kuzungumza. Kisha nikakumbuka sombe na samaki wa siku ile, nikaelewa kwamba yale mazungumzo ni ya kumtuliza mgonjwa.

Ndipo chini ya bashi nikasikia sauti ndogo. “Baba,” akasema, “mimi niko muzito?”

Nilikuwa natafuta hewa. Jasho lilikuwa limeingia machoni, na hotuba yangu ilikuwa imeloa, imenata kifuani. Nilitaka kulia kwa sauti, si kwa ajili ya bega. “Hapana, mama,” nikasema. “Uko mwepesi kama mukeka.”

Tulifika. Muuguzi alimpokea mlangoni, na kabla hatujamaliza maji ya kunywa tukasikia kilio cha mtoto. Msichana, na mama yake yu hai. Yule baba alikaa chini kwenye vumbi, akafunika uso kwa kofia yake. Sisi tulirudi na tipoyi, tukakuta mzee amekwisha kuzikwa na watu wametawanyika, udongo bado mbichi. Karatasi zangu zilikuwa uji wa wino, hakuna neno lililosomeka, na hakuna aliyeniuliza habari ya hotuba. Nikaishusha tipoyi kanisani, nikavuta kamba moja moja, mjane akaniletea mafuta ya mawese kwenye kopo, nikapaka miti kama nilivyomwona mzee akipaka. Bega langu lilikuwa limevimba, na mpaka ninapoandika haya bado linauma.

Funzo langu ni fupi, na nimelipata nikiwa nimechelewa. Kama umefika ulipo na hukumbuki kusikia uzito wako, usidhani ulikuwa mwepesi. Mtu alikuwa chini yako, ameuma meno, anakuzungumzia habari za sombe. Mtafute angali hai, ukaweke bega lako kando ya lake. Mimi niliamini kwa miaka minne kwamba nilikuwa mwepesi kama mkeka.